Bakteria wa Jipu: Huvamia au Huingizwa?

Jipu ni neno la kale. Mkazi wa Mwananyamala akilitamka hospitalini hahitaji mkalimani. Taabu huanza tunapotaka kueleza kinacholileta. Mwaka 1880 daktari wa Aberdeen, Alexander Ogston, alichunguza usaha kwa hadubini, akaona viumbe vya mviringo vilivyoshikamana mithili ya kichala cha zabibu. Mwaka 1882 akavipa jina la Kiyunani lenye maana hiyo: stafilokoka.

Kitenzi kinachomjia mfasiri upesi ni kuvamia. Lakini uchunguzi wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha jambo jingine. Bakteria huyo hujivika fibronektini, protini ya mwili wetu wenyewe. Integrini, protini iliyomo katika utando wa seli, huidaka fibronektini hiyo, na seli ikamvuta bakteria ndani. Basi huingizwa, na lugha yetu hulieleza hilo kwa kunyambua kitenzi kimoja.

Tofauti hii ina uzito kwa mgonjwa. Baadhi ya antibiotiki hazipenyi vyema ndani ya seli. Bakteria aliyejificha humo huweza kunusurika, ugonjwa ukarudi. Anayeambiwa kuwa amevamiwa atadhani vita vimekwisha siku jipu lilipopasuka, aache dawa.

“Seli mwenyeji” nayo ina kasoro, kwani mwenyeji humjua anayemkaribisha, ilhali seli hii imehadaiwa. Hata hivyo naitetea: “seli iliyoingiliwa” ingewachekesha wanafunzi kabla somo halijaanza.