Bati Jembamba na Mkono wa Fundi

Nina kovu katika kidole cha mkono wa kushoto, nami nalihesabu kuwa ndilo somo langu la kwanza la ufundi. Nilipokuwa mvulana huko Kegonga, mimi na mwenzangu tulitaka kutoboa kipande cha bati, tupate bawaba ya sanduku. Nilikishika kwa vidole, naye akazungusha keekee. Ncha ilipotokeza upande wa pili ilikinasa kipande kile, kikazunguka kama pia, kikanikata.

Mzee mmoja fundi alinifunga jeraha, kisha akasema, “Mwanangu, bati halishikwi kwa mkono, hushikwa kwa ubao.” Akalitia bati kati ya mbao mbili, akazikaza katika jiliwa, akatoboa zote pamoja. Tundu likatoka safi.

Sababu yake ni hii. Chuma kinene hujitegemea. Ukikibana pembeni, chatulia. Bati jembamba, ukilibana sana, hujikunja; ukiliachia, hutetemeka na kuinukia kisu. Basi lataka egemeo chini yake lote. Mafundi wa saa wa Ulaya walijua jambo hili zamani: waliyagandisha magurudumu membamba kwa utomvu wa lakiri ulioyeyushwa, na kazi ilipokwisha wakautia moto tena ili yabanduke. Hata leo, mwenye mashine ndogo ya kuchonga chuma nyumbani kwake hulibandika bati kwa gundi juu ya ubao tambarare, na kisu hupita hadi kugusa ubao.

Katika nchi yetu ufundi huu ulikua pamoja na reli, iliyojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Mafuta ya taa yaliletwa katika madebe. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa. Mafundi wa Kihindi, na Waafrika waliojifunza kazi hiyo, walilikata na kulikunja kuwa ndoo na karai. Na makopo madogo yakawa koroboi, ambazo kwa mwanga wake watoto wengi walisoma. Kipande cha reli chakavu kilikuwa fuawe yao. Nacho kilifanya kazi ile ile ya ubao wa yule mzee, yaani kulipa bati mahali pa kuegemea.

Lakini mafundi wenyewe hawakuwa na egemeo. Walifanya kazi juani, ndipo wakaitwa jua kali, na mara nyingi walifukuzwa na vibanda vyao kubomolewa. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa walieleza kwamba kazi za watu hawa zina faida kwa nchi, nao wasisumbuliwe. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi wajengewe mabanda. Na mwaka 1992 Serikali ilitoa Waraka Na. 2 juu ya maendeleo ya jua kali.

Kutoka mwaka 1901 hadi 1992 ni miaka 91. Muda huo wote fundi alijua namna ya kulishika bati, ilhali wengine walikawia kujifunza namna ya kumshika fundi mkono. Nawe, mwanafunzi, utakapotoboa bati, tafuta ubao kwanza. Vidole havioti tena.