Kutoka Kipande hadi Kipimo

Katika mashamba ya mkonge ya mkoa wa Tanga, ambamo Maramba imo, neno kipande lilipata maana mahususi zama za ukoloni: kadi ya siku 30 za kazi. Siku iliandikwa iwapo tu kibarua amemaliza kazi aliyopimiwa, na mshahara ulitolewa kadi ilipojaa. Mpimwa hakuulizwa lolote. Kipimo kilimfaa mwajiri.

Historia hiyo yatufaa tunapotafuta istilahi za upimaji wa programu za kompyuta. Mwaka 1976 shirika la anga la Marekani, NASA, lilishirikiana na Chuo Kikuu cha Maryland na kampuni ya Computer Sciences Corporation kuanzisha maabara ya uhandisi wa programu. Humo Victor Basili na wenzake walijenga utaratibu wa daraja tatu: lengo, swali, kipimo. Hakihesabiwi kitu, kiwe kosa au saa ya kazi, kabla swali kitakalolijibu halijajulikana; na matokeo hurudishwa kwa watengenezaji wenyewe ili waboreshe kazi yao.

Kwa hiyo hapana budi tutofautishe kipimo, ambacho ni kadiri iliyopatikana, na upimaji, ambao ni tendo lenye shabaha. Aidha, mfasiri aandikapo "upimaji wa watumishi" mahali pa "upimaji wa kazi", humrudisha mtumishi kwenye kipande. Na ajionaye yumo kwenye kipande hujaza kadi tu, ukweli akauficha.