Istilahi za Giaboksi Otomatiki: Historia Fupi ya Chombo na Dalili Zake

Motokaa ilipoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, Kiswahili kiliipokea kwa njia mbili. Kwanza, kiliipa maneno kiliyokuwa nayo tayari. Usukani, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la chombo cha baharini kabla ya kuhamia garini. Pili, kilikopa kutoka Kiingereza: gia, klachi, breki, giaboksi. Maneno hayo yalitosha wakati dereva alipobadili gia kwa mkono wake mwenyewe, maana gia ikikwama aliihisi kiganjani. Ilipokuja giaboksi otomatiki, kazi hiyo ilimtoka mkononi, na hapo ndipo upungufu wa maneno ulipoanza kuonekana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo si wa kamusi tu, bali humgharimu mwenye gari fedha nyingi.

Asili ya chombo chenyewe pia ni baharini. Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya kiungo kinachopitisha nguvu kwa njia ya umajimaji, ili injini ya meli inayozunguka kwa kasi iweze kuendesha rafadha inayopaswa kuzunguka polepole. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic, ambamo kiungo cha namna hiyo kilishika nafasi ya klachi ya mguu. Tangu hapo mashine yenyewe ilipaswa kujua dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, ili ibadili gia kwa ulaini au kwa nguvu.

Katika injini ya petroli ya zama hizo jambo hilo halikuwa gumu. Dereva anapolegeza mguu, mlango wa hewa hujifunga, na ombwe hutokea katika bomba la kuingizia hewa. Ombwe hilo likipelekwa kwenye giaboksi huwa kama tarishi wa habari: likiwa kubwa, mzigo ni mdogo, likipungua, mzigo umezidi. Lakini injini aliyoibuni Rudolf Diesel, ambayo ilifanyiwa majaribio kwa mafanikio huko Augsburg mwaka 1897, haihitaji mlango wa namna hiyo. Nguvu yake huongezwa au kupunguzwa kwa kipimo cha mafuta. Tarishi, basi, hayupo.

Tutazame Mercedes-Benz 300 D ya mfululizo wa W 123, uliotangazwa mwaka 1976. (Magari ya kampuni hiyo yalikuwa yamekwisha kulipatia eneo letu neno Wabenzi tangu miaka ya 1960.) Humo ombwe hutengenezwa na pampu inayoendeshwa na injini. Vali iliyo kwenye pampu ya dizeli hulipunguza ombwe kadiri dereva anavyokanyaga, kisha kiwambo cha mpira kwenye giaboksi hulipokea. Ombwe hilohilo husaidia breki, huzima injini, na hufunga milango. Gari likizeeka, vipira vya kuunganishia mirija hupasuka, na viwambo vya vitasa vya milango hutoboka.

Hapa ndipo penye fumbo. Ombwe likivuja, giaboksi hudhani dereva amekanyaga kwa nguvu, nayo hubadili gia kwa mshtuko. Kwa kuwa mrija wa kufunga milango si ule wa kuifungua, tundu lililo katika mmoja wao huweza kuleta dalili milango ikiwa imefungwa, na dalili ikapotea ikifunguliwa. Mwenye gari husema, “Leo gia mbovu, jana zilikuwa nzima.” Fundi asiyejua huishusha giaboksi yote, kumbe ubovu uko mlangoni. Injini inayokataa kuzimika ufunguo unapozungushwa ingekuwa shahidi wa kutosha wa kumpeleka kwenye ombwe kwanza.

Kwa hiyo neno “mbovu” halifai katika fomu ya matengenezo. Tunapendekeza dalili zitenganishwe. Gia kushtuka ni kuingia kwa kishindo. Hapo ombwe lipimwe, na matawi yake yazibwe moja moja hadi tawi linalovuja lijulikane. Gia kuteleza ni injini kupaa bila gari kuongeza mwendo. Hapo kiasi, rangi na harufu ya mafuta ya giaboksi vichunguzwe kwanza. Mafuta yakipungua, pampu hunyonya hewa kwenye kona au mlimani, na utelezi huja na kupotea. Gia kuchelewa ni kutobadilika kwa wakati wake; hapo waya unaotoka kwenye pedali utazamwe kama umerekebishwa sawasawa. Giaboksi ifunguliwe mwisho, baada ya hayo yote.

Kwa dalili zinazokuja na kupotea tunapendekeza “hitilafu ya vipindi”, kwa mfano wa homa za vipindi ambazo kila msomaji anazifahamu. Vilevile tunawasihi wafasiri watumie “ombwe” badala ya “utupu”, kwani utupu una maana nyingine inayoweza kuleta kicheko darasani. Na kwa kazi nzima tunapendekeza “utambuzi” badala ya “uaguzi”. Mwaguzi hupiga ramli, fundi hupima.

Huenda msomaji akasema kwamba magari hayo yamepitwa na wakati, na kwamba giaboksi za leo huamrishwa kwa umeme. Ni kweli. Hata hivyo bado yapo barabarani, na aliye nayo mara nyingi si tajiri. Mtumishi aandikaye “gia hushtuka milango ikifungwa” amekwisha kumpunguzia fundi nusu ya kazi, na mwenye gari amempunguzia gharama. Mwalimu wa ufundi akiwazoeza wanafunzi wake kuandika hivyo, istilahi itakuwa imetimiza wajibu wake.