Kijiji Kiliifuata Barabara, Kisha Mwendo Ukakifuata Kijiji

Kama umewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji siku wapimaji wa barabara wamepita na kopo la rangi nyekundu, unalijua swali hili: nani alimfuata mwenzake, nyumba au barabara? Ukionekana wewe ndiye uliyeifuata barabara, unabomoa bila kulipwa. Ikionekana barabara ndiyo iliyokufuata, unafidiwa. Ukutani zote ni alama ya X, ila hesabu inayofuata ni tofauti kabisa.

Swali hili huulizwa kwa ajili ya fidia. Leo naomba tuliulize kwa ajili ya kitu kingine: watu kugongwa. Kwenye nyanda za juu za Kigoma, kati ya Kasulu na Kibondo, jibu lake lina historia na lina tarehe, na mhandisi asiyeijua hiyo historia anaweza kujenga barabara safi kabisa ambayo kila anayeishi kando yake anaiogopa.

Tuanze mbali kidogo. Waha wa zamani hawakukaa kwa mistari. Kaya zilitawanyika vilimani, kila moja na migomba yake na shamba lake, na kati ya kaya na kaya kulikuwa na njia za miguu. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilipita kusini, mbali na Heru na mbali zaidi na Kibondo. Vijana waliokwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga walianza safari kwa miguu. Barabara ilikuwa kitu unachokiendea. Haikuwa kitu cha kukaa nacho mlangoni.

Wa kwanza kuwakusanya watu alikuwa Mwingereza, na sababu yake ilikuwa malale. Miaka ya 1930 watu wengi wa Buha walitolewa kwenye pori lenye mbung'o na kuwekwa pamoja kwenye makazi maalumu, ili msitu ufyekwe na wagonjwa wapatikane kirahisi. Mkusanyo wa pili ndio unaotuhusu zaidi. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuhamishia watu vijijini, baada ya ile ya Dodoma. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi iwe imekamilika mwisho wa 1976.

Vijiji viliwekwa wapi? Kwa kiasi kikubwa, kando ya barabara. Ukilifikiria kwa akili ya wakati ule, lina mantiki. Gari la dawa lifike, mwalimu afike, mahindi ya njaa yafike, bwana shamba naye asipate kisingizio. Viwanja vikapimwa kwa kamba, nyumba zikatazamana, barabara ikapita katikati. Bibi yangu mzaa mama alihamishwa hivyo. Kila akisimulia alikuwa anahesabu vitu alivyoviacha kilimani (migomba, kaburi la mwanawe, mti wa kivuli), lakini hakuwahi hata siku moja kuilalamikia barabara. Ilikuwa ya vumbi, na gari lilipita moja au mawili kwa siku. Watoto waliyakimbilia kuyashangaa.

Sasa angalia mwaka 1973 tena. Mwaka huohuo Bunge lilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kazi ya trafiki, na Baraza la Taifa la Usalama Barabarani lipo kwa mujibu wake. Kwa hiyo ndani ya miezi kumi na miwili nchi ilifanya mambo mawili makubwa kuhusu barabara: iliwaamuru mamilioni ya watu wahamie vijijini, vingi vikiwa kando yake, na ikaandika kanuni za watakaoendesha juu yake. Mambo hayo mawili sidhani kama yaliwahi kukutanishwa kwenye meza moja. Sheria iliona dereva, gari, leseni, taa, kosa na faini. Operesheni iliona kijiji, shule na zahanati. Mtoto anayevuka kutoka nyumbani kwenda shuleni yuko katikati ya hizo mbili, na hakuna hata moja iliyomchora.

Kwa muda mrefu hilo halikuleta shida, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa trafiki. Aliyesafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo wakati wa changarawe anaelewa. Mashimo, makorongo, tope la masika, daraja la mbao ambalo abiria wanashushwa kwanza. Nani angekimbia? Shimo ni tuta la bure ambalo halijaombewa bajeti.

Hata malori ya wakimbizi hayakubadilisha hilo sana. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kabla na baada yake kukawa na kambi za Warundi pande zote mbili, Kasulu na Kibondo. Nduta ikafunguliwa upya mwaka 2015. Malori ya chakula yakawa mengi, lakini yalikwenda kwa kujivuta. Na nikumbushe kitu ambacho wasomaji wadogo huenda hawakijui: miaka ile ukisema "usalama barabarani" huko kwetu, watu walielewa majambazi. Mabasi yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwenye mapori. Hatari ilikuwa porini, kijijini ndipo ulipopumua. Leo mambo yamegeuka. Porini dereva anakwenda bila tatizo, na kwenye kijiji ndipo anapoua.

Kilichogeuza ni lami. Kidahwe hadi Kasulu kilomita 63, Nyakanazi hadi Kabingo kilomita 50, na katikati mradi mkubwa wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 hivi, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha zake mwaka 2018. TANROADS iliugawa sehemu nne: Kasulu–Manyovu, Kanyani–Mvugwe, Mvugwe–makutano ya Nduta, na makutano ya Nduta–Kabingo. Nisieleweke vibaya, lami ile ni ukombozi. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya wilaya hana haja ya hotuba yangu kuhusu mwendo kasi. Lakini lami ilipoondoa shimo iliondoa pia tuta, na nyumba zilibaki palepale kamba ya Operesheni ilipozipima.

Hapa tufanye hesabu kidogo, ndiyo kazi ya blogu hii. Dereva akiona mtoto, hachukui hatua papo hapo. Macho yanaona, ubongo unaamua, mguu unahama. Tuseme sekunde moja na nusu. Halafu breki, kwenye lami kavu na gari zima, tuseme zinapunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde kila sekunde.

Akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, atasafiri mita 21 kabla ya kugusa breki na nyingine 16 akiwa amezikanyaga. Jumla mita 37, gari limesimama. Akiwa kwenye 80, mita 33 zinaisha kabla mguu haujafika kwenye breki, na atahitaji karibu mita 75 kusimama.

Sasa weka mtoto mita 37 mbele yao wote wawili. Wa kwanza anasimama mguuni pa mtoto, anatoa kichwa dirishani, anatukana, anaondoka. Wa pili amefunga breki kwa mita nne tu. Mwendo wake pale alipo mtoto bado ni kilomita 76 kwa saa. Yaani breki zimemsaidia kilomita nne. Na kwa kuwa nguvu ya mgongano inakua kwa mraba wa mwendo, gari la 80 limebeba nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya gari la 50. Mwili wa binadamu haujui tofauti ya dereva mzembe na dereva makini. Unajua hizo namba tu.

Sheria yetu inaweka kikomo cha 50 kwenye maeneo ya makazi, na 80 kwa mabasi na malori nje ya makazi. Kwenye karatasi, sawa. Shida ni kwamba kijiji cha Operesheni hakina mwanzo wala mwisho unaoonekana. Ni nyumba, shamba, nyumba mbili, kanisa, shamba, shule. Dereva anaona barabara pana, iliyonyooka, mabega mazuri, mistari inang'aa, na kila kitu kinamwambia "twende". Kibao kimoja cha 50 kinabishana na kilomita nzima ya lami. Nani atashinda?

Mwaka 1997 Bunge la Sweden lilipitisha wazo ambalo kwa wakati ule lilionekana kama ndoto: kwamba watu watakosea siku zote, kwa hiyo barabara ichorwe ili kosa la kawaida lisiue. Lawama ikahamia pia kwa aliyechora. Sisi tulipata Sera ya Taifa ya Usalama Barabarani mwaka 2009, miaka 36 baada ya sheria, na mazungumzo yetu mengi bado ni ya tabia: dereva aache pombe, bodaboda avae helmeti, mtembea kwa miguu awe mwangalifu. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ina mabango mazuri. Trafiki mwenye tochi anasaidia, simdharau. Ila tochi inarudi mjini jioni, na kijiji kinalala palepale.

Tuna mfano wa nyumbani, tusiangalie Ulaya tu. Dar es Salaam, shirika la Amend lilichukua shule za msingi ambazo wanafunzi wake walikuwa wakigongwa sana, likaweka vitu vya kawaida: njia ya miguu iliyotengwa, matuta, kivuko, alama, geti la shule kuhamishwa upande salama. Utafiti uliolinganisha shule hizo na nyingine ukaona majeruhi wamepungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI. Hakuna teknolojia ngeni pale. Ni saruji na mtu aliyekaa kutazama watoto wanapita wapi.

Kwa barabara kuu ya Kigoma tafsiri yake ingekuwa nini? Madereva watasema matuta yanaua springi, na malori yana hoja kidogo. Tuta moja lililotupwa ghafla gizani nalo ni hatari. Ndiyo maana dereva huandaliwa: rasta kwanza, kisha barabara ionekane inapungua upana kwenye mlango wa kijiji, kisha kivuko kilichoinuliwa mbele ya shule na gulio. Njia ya miguu na baiskeli iwe ng'ambo ya mtaro, maana bega la lami kule ndilo barabara ya kina mama wenye kuni na vijana wa baiskeli zenye mikungu ya ndizi. Na karibu na Manyovu kuna la ziada: ukivuka kuingia Burundi unahamia kuendesha kulia, na lori linalorudi linaingia kwenye vijiji vyetu na dereva aliyetoka kuzoea upande mwingine.

Wengine hushauri mchepuko, barabara ipite nje ya kijiji. Kwa mji kama Kasulu naweza kukubali. Kwa vijiji nina wasiwasi, na wasiwasi wangu ni wa kihistoria. Sheria ya zamani ya barabara kuu, ya mwaka 1932, na kanuni zake ziliweka hifadhi ya mita 22.5 kila upande. Sheria ya Barabara ya 2007 ikapanua hadi mita 30. Mipaka yote hiyo miwili haikuzuia vibanda vya soda na mafuta ya chupa kusogea. Watu walifundishwa na dola yenyewe kwamba huduma iko barabarani. Ukiihamisha barabara, miaka mitano tu watakuwa wameifuata, safari hii bila operesheni.

Kwenye kijiji cha mama yangu wajenzi walinyoosha kona moja. Lami ikakata shambani, na kipande cha barabara ya zamani, mita mia tatu hivi, kikaachwa na vumbi lake. Nilipokwenda mara ya mwisho nilikaa pale asubuhi nikiwa na daftari, nahesabu. Karibu watoto wote walikuwa wanazunguka kupitia huko, ingawa ni mbali zaidi. Mmoja nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu mzima asiye na akili, akasema: "Huku ndiko kwa watu." Kisha kile kipande kikaisha, akasimama kwenye ukingo wa lami na wenzake, wakashikana mikono wakingoja basi lipite.