UNENE NA UKUBWA WA SAUTI: GITAA LA BESI KATIKA TAARABU YA TANGA

Msikilizaji aliyezoea taarabu ya Unguja, yenye fidla nyingi, udi na kanuni, akizisikia santuri za Tanga za mwanzo wa miaka ya 1970 hatakawia kutambua kuwa amevuka bahari. Aghalabu tofauti hiyo huelezwa kwa habari ya mwendo: husemwa kwamba taarabu ya Tanga huchezeka, ilhali ile ya Unguja husikilizwa kwa utulivu. Maneno hayo ni kweli, lakini hayafiki kwenye shina la jambo. Mwendo hauji wenyewe, bali huchukuliwa na chombo fulani, na katika Tanga chombo hicho kilikuwa gitaa la besi pamoja na amplifaya yake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chombo hicho kilivyoingia katika taarabu ya pwani ya kaskazini, kwa vipimo gani kinafaa kuchaguliwa, na kuingia kwake kulikuwa na maana gani kwa shairi lenyewe.

Yafaa kuanza na lugha, kwa sababu lugha imetangulia kutenganisha mambo ambayo wanunuzi wa vyombo mara nyingi huyachanganya. Mzungumzaji wa Kiingereza huzipima sauti za muziki kwa kimo, akasema sauti hii iko juu na ile iko chini. Mswahili naye husema sauti ya juu na sauti ya chini, walakini kwake maneno hayo mara nyingi yanahusu nguvu: anayeambiwa aseme kwa sauti ya chini anatakiwa asipige kelele. Kwa kupambanua sauti ya mwanamume mzima na ya mtoto, Kiswahili kina maneno mengine mazuri zaidi, yaani nene na nyembamba. Basi ziko sifa mbili zisizotegemeana. Sauti yaweza kuwa nene na ndogo, kama mnong'ono wa mzee. Tena yaweza kuwa nyembamba na kubwa, kama kigelegele. Besi ni sauti nene. Haikulazimishwa kuwa kubwa.

Majina ya vyombo nayo yana historia yake. Neno kinanda hapo kale lilikuwa jina la chombo cha nyuzi cha wenyeji, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaonyesha jinsi lilivyokwisha kupanuka hata kutaja piano na gramafoni. Gitaa, spika, amplifaya na besi ni maneno yaliyotoka katika Kiingereza, yakavikwa irabu na kupewa ngeli. Lakini wanamuziki wakiyataja yote kwa pamoja hawakukopa neno: husema vyombo tu. Bendi yenye vyombo na bendi isiyo na vyombo ni daraja mbili mbalimbali, na mwenye vyombo aghalabu ndiye mwenye amri.

Sauti nene haikuletwa pwani na umeme. Masimulizi ya taarabu ya Unguja huanzia zama za Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, na ambaye yasemekana alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kuimba nyimbo zake katika santuri, aliimba na kundi dogo la wapigaji wachache. Baadaye vyama vya Unguja vilipofuata mtindo wa okestra za Misri, vilipata fidla nyingi, na chini yake selo na dabalbesi. Chombo hiki cha mwisho ni kikubwa kupita kimo cha mtu, na tumbo lake la mbao ndilo linalokuza sauti.

Wasioweza kukipata walijitengenezea mbadala. Katika kidumbak cha Unguja, ambacho huhesabiwa kuwa ndugu wa taarabu kwa upande wa akina yahe, sauti nene hutolewa na sanduku. Ni sanduku la chai lililofunikizwa, likatobolewa uzi mmoja, na uzi huo ukafungwa kwenye fimbo. Mpigaji huikaza au kuilegeza fimbo ili kubadili sauti. Pembeni yake huwako vidumbak vyenyewe, cherewa za vifuu vya nazi, na mkwasa. Sanduku halipandi ngazi ya sauti kwa usahihi wa fidla, lakini hutimiza kazi mbili kwa mara moja: linaimba na linapiga ngoma. Kazi hizo mbili ndizo zitakazopewa gitaa la besi katika Tanga.

Gitaa la besi la umeme lilijaribiwa na Paul Tutmarc huko Seattle, Marekani, katika miaka ya 1930, lakini lililoenea duniani ni lile la Leo Fender wa California, lililotoka mwaka 1951. Nyuzi zake nne hulinganishwa sawasawa na zile za dabalbesi, hata aliyejifunza moja huweza kulipiga la pili. Lakini liko jambo moja kubwa lililowatenga: gitaa hili ni gogo lisilo na tumbo. Bila amplifaya na spika halisikiki hatua chache kutoka kwa mpigaji. Kwa hiyo yeyote anayechagua gitaa la besi anachagua pia umeme, na pasipo umeme amechagua ubao.

Hapo Tanga ilikuwa na bahati. Kampuni ya TANESCO iliundwa mwaka 1931, na maporomoko ya mto Pangani yalitumiwa kutoa umeme tangu miaka ya 1930. Kituo cha Hale kikafuata mwaka 1964. Umeme huo ulifuata mkonge na reli, na mkonge ndio uliokusanya pia watu wa makabila mengi wenye mshahara na hamu ya dansi. Bendi za dansi za mji huo, kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zilipiga magitaa ya umeme na kujulikana mbali na Tanga. Vijana wa taarabu waliishi mitaa ileile na wapigaji wa dansi. Haikuwa ajabu kwamba sikio lao lilizoea besi iendayo kwa mwendo wa rumba.

Vikundi vilivyolitia gitaa la besi katika taarabu na kupata sifa kuu kwa hilo ni Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club. Miongoni mwa waimbaji wao alikuwamo Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016. Nyimbo zao za mwanzo wa miaka ya 1970 zilitiwa katika santuri za Mzuri, lebo ya Mombasa, mji ulio karibu zaidi na Tanga kuliko Dar es Salaam. Na mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilizikusanya baadhi yake katika albamu iitwayo Nyota. Anayezisikiliza hukuta kinanda, gitaa, besi, ngoma ndogo na kayamba, na juu yake sauti ya mwimbaji. Safu ya fidla haipo.

Sababu moja ya upungufu huo ni hesabu. Arusi ya Ngamiani, yenye turubai kati ya nyumba na nyumba, haina nafasi ya okestra ya watu ishirini na zaidi, wala mwenye arusi hana fedha za kuwalipa. Watu wachache wenye besi hujaza mahali hapo. Besi hushika msingi wa sauti, hushika na mwendo, na hivyo mtu mmoja huchukua kazi ya wengi.

Ama kwa habari ya kuchagua gitaa lenyewe, mambo matatu yana uzito. La kwanza ni urefu wa uzi. Gitaa la Fender lina uzi wa inchi 34 kutoka daraja hadi shingo juu, ilhali Höfner la Ujerumani, lililobuniwa katikati ya miaka ya 1950, lina inchi 30 hivi. Uzi mrefu hukaza zaidi na kutoa sauti iliyo wazi. Uzi mfupi ni mwepesi kwa vidole na sauti yake ni laini, ya mviringo. La pili ni namna ya uzi. Uzi uliozungushiwa waya bapa hutoa sauti fupi, nyeusi, inayofanana na ya dabalbesi. Uliozungushiwa waya wa duara hung'aa na kulia kwa muda mrefu. Kwa taarabu, uzi wa bapa una fadhila kubwa, maana haushindani na mwimbaji. La tatu ni pwani yenyewe. Hewa ya chumvi na jasho huliza chuma, na uzi ulioingia kutu hupoteza uhai. Wapigaji wa nchi nyingi huzichemsha nyuzi kuukuu ili kuzirudishia sauti kwa siku chache, desturi inayofaa sana mahali ambapo nyuzi mpya ni adimu.

Amplifaya ni habari ngumu zaidi. Uzi mnene wa besi, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Sikio la binadamu ni zito kwa mitetemo ya polepole namna hiyo, na kwa hiyo besi huhitaji nguvu nyingi kuliko gitaa la solo ili zisikike kuwa sawa. Tena nguvu haiongezi sauti kwa kadiri mnunuzi anavyodhani. Amplifaya ya wati 100 haisikiki mara mbili ya ile ya wati 50. Huipita kidogo tu. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa maradufu, nguvu yapasa kuzidishwa karibu mara kumi. Mwenye fedha chache atapata faida zaidi akizitumia kwa spika pana, za inchi 12 au 15, ndani ya sanduku imara lililofungwa vema, kuliko akinunua wati. Spika iliyofanywa kwa gitaa la solo ikitwishwa besi hupasuka.

Tena umeme wa Tanganyika ulifuata kipimo cha Uingereza, kisichopungua volti 230, ilhali mashine za Marekani hutaka volti 110 au 120. Kwa sababu hiyo amplifaya za Kiingereza zilitumika papo hapo, na zile za Kimarekani zilihitaji transfoma. Mashine za zamani za valvu, yaani vile vioo vinavyowaka, zilikuwa nzito na hazikupenda kutikiswa katika gari. Za transista zikawa nyepesi, lakini zikizidiwa nguvu huparuza sauti vibaya, ambapo za valvu huipotoa kwa upole.

Uchaguzi huu wote, hata hivyo, ulikuwa wa wachache. Kadiri fedha za kigeni zilivyopungua katika miaka ya 1970, na hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuagiza vyombo kulikuwa taabu. Vilivyopatikana viliingia kwa urahisi zaidi katika bendi za mashirika na majeshi. JKT lilikuwa na kikundi chake cha taarabu, na Shakila mwenyewe aliimba huko. Masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa kuanzia 1984, vyombo vilirudi madukani. Lakini vingi vilivyorudi vilikuwa vinanda vya umeme, ambavyo mkono wa kushoto huweza kutoa besi bila mpiga besi.

Sasa yabaki swali la shairi, nalo ndilo linalowahusu zaidi wanaochunguza lugha. Wimbo wa taarabu ni utungo wa vina na mizani, na mara nyingi ni fumbo. Fumbo hukaa katika neno moja, na pengine katika konsonanti moja. Anayesema fua na anayesema vua wametengana kwa mvumo wa koo tu; kadhalika pata na bata. Irabu husikika kwa urahisi hata katika kelele. Konsonanti kama s, sh na f hukaa katika mitetemo ya haraka, ya maelfu kwa sekunde, nazo ni dhaifu. Imethibitishwa katika elimu ya sauti kwamba sauti nene ikiwa kubwa hufunika zile nyembamba zilizo juu yake, na kadiri inavyozidi ukubwa ndivyo inavyofunika mbali zaidi. Nyembamba haziwezi kuifunika nene kwa kadiri hiyohiyo. Maana yake ni kwamba besi iliyopitiliza huanza kwa kula konsonanti. Wasikilizaji hubaki na lahani na irabu, na fumbo hupotea mbele ya mtu aliyelengwa nalo.

Katika zile santuri za miaka ya 1970 hatari hiyo haikutokea. Besi inasikika wazi, lakini noti zake ni chache, na mwimbaji hakufunikwa. Sababu moja yaweza kuwa upungufu wenyewe: maikrofoni chache na mashine ndogo ziliwalazimu wapigaji kupimana nguvu kwa masikio. Katika miaka ya 1990, pamoja na vikundi kama East African Melody na TOT, vinanda vya umeme na spika kubwa vilishika nafasi ya mbele, na maneno nayo yakaelekea mipasho, yaani kusema waziwazi yaliyokuwa yakifumbwa. Si haki kusema kwamba spika ndizo zilizozaa mipasho. Mashindano ya vikundi na mabadiliko ya mji yana sehemu yake kubwa. Lakini maneno ya waziwazi, yanayorudiwarudiwa, huishi katika kelele ambamo fumbo hufa, na mtafiti wa mashairi ya taarabu hana budi kulitia jambo hilo katika hesabu yake.

Kwa hiyo historia ya gitaa la besi katika Tanga haifai kuachiwa mafundi wa umeme peke yao. Vikundi vya Tanga vilipata unene wa sauti uliowatosha kuacha safu nzima ya fidla, vikahifadhi neno. Waliofuata, waliponunua vyombo vyenye nguvu zaidi, mara nyingi walinunua ukubwa wakidhani wamenunua unene. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuyatenga mambo hayo mawili kabla gitaa la besi halijashushwa bandarini.