Ngoma za Burundi katika Santuri za Ulaya

Wanafunzi wetu wa hapa Bujumbura, hasa wale wa Buyenzi na Bwiza wanaokua na Kiswahili midomoni, hulijua neno ngoma kwa maana zake mbili: chombo kinachopigwa na mchezo unaochezwa. Katika Kirundi neno hilo, ingoma, lina maana ya tatu iliyo nzito zaidi, nayo ni ufalme. Tusipoikumbuka maana hiyo, hatutaielewa vyema historia ya wimbo mmoja uliovuma Ulaya mwaka 1971 kwa jina la nchi yetu.

Ngoma ya Burundi huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, yaani mti unaozifanya ngoma zinene, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe. Wapigaji husimama nusu duara. Inkiranya hukaa katikati na kuongoza. Amashakwe hushika mdundo usiokatika. Ibishikizo huifuata inkiranya. Zamani ngoma hizi zilikuwa za mwami, na sauti yake ilisikika hasa katika umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama. Karyenda, ngoma iliyo kuu kuliko zote, ilikuwa alama ya ufalme wenyewe.

Tarehe 28 Novemba 1966 Michel Micombero aliufuta ufalme na kutangaza jamhuri. Mwami aliondoka, ngoma zikabaki. Mwaka uliofuata, 1967, mtafiti Michel Vuylsteke alizinasa sauti zake kijijini, nazo zikatolewa katika santuri ya Ocora, chombo cha redio ya Ufaransa cha kuhifadhi muziki wa mataifa. Santuri hiyo ilikusudiwa wataalamu na wapenzi wachache wa muziki wa asili.

Mwaka 1971 mwanamuziki wa Ufaransa, Michel Bernholc, aliyejiita Mike Steiphenson, aliichukua sauti hiyo, akaongeza juu yake vinanda na magita, akaupa wimbo jina la "Burundi Black". Wimbo huo ulifika nafasi ya 31 katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliitumia sauti ileile ya ngoma katika wimbo wake "The Jungle Line". Ilipofika 1980 na 1981, vikundi vya Adam and the Ants na Bow Wow Wow vya Uingereza vilijipatia umaarufu kwa midundo iliyotokana na ngoma hizo.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Hapa waliochuma juani walikuwa wengine, na waliokula kivulini wengine. Jina la nchi liliandikwa kwa herufi kubwa, lakini wasikilizaji hawakuyajua majina ya wapigaji. Mwaka 1981 Robert Palmer aliandika katika gazeti la The New York Times kwamba wapigaji wale hawakuwa wakigawiwa faida.

Hata hivyo, mwaka 1982 wapigaji ngoma wa Burundi walisimama wenyewe jukwaani Shepton Mallet, Uingereza, katika tamasha la kwanza la WOMAD. Waliokuwa wameuzoea mdundo kwa santuri sasa waliwaona watu, wakaona ngoma zikibebwa kichwani na wachezaji wakiruka mbele ya inkiranya. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza sanaa hii katika orodha ya urithi wa binadamu.

Swali la mwenye ngoma halikuishia ughaibuni. Mwaka 2017 amri ya rais iliuweka upigaji wa ngoma chini ya idhini ya serikali, ikawazuia wanawake wasizipige. Ndipo tulipoona tena kwamba ingoma na utawala ni maneno yasiyoachana kwa urahisi.

Walimu wenzetu, tunapofundisha neno ngoma tusitosheke na kusema kuwa ni gogo lililowambwa ngozi. Tuwaambie wanafunzi kuwa sauti inaweza kuvuka bahari na kumwacha mwenyewe nyumbani. Na tunapowasikilizisha santuri yoyote, iwe desturi yetu kuuliza kwanza: ni nani waliopiga?