Kwa nini mkuki ulifuliwa na sufuria inamiminwa

Kumimina sufuria nyuma ya nyumba hapa Songea hakuhitaji mengi: shimo la mkaa, feni ya kupuliza moto, chombo cha chuma cha kuyeyushia, alumini chakavu, na mchanga wenye unyevu kidogo uliochanganyika na udongo wa mfinyanzi. Sufuria ya mfano inazungushiwa mchanga, unashindiliwa, kisha sufuria inatolewa taratibu. Nafasi iliyobaki ndiyo kalibu. (Mchanga ukizidi maji ni hatari: maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na alumini inakurukia usoni.)

Sasa, chuma kimetengenezwa kusini huku tangu zamani. Mbona wazee hawakukimimina?

Wangoni waliopigana vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, walibeba mikuki ya chuma. Jirani zao Wapangwa walisifika kwa uhunzi, katika nchi ile ile ya Ludewa inayotajwa leo kwa chuma cha Liganga. Tanuri la udongo lenye mivukuto hufika nyuzi 1,200 za Selsiasi, pengine zaidi kidogo. Chuma safi huyeyuka kwenye 1,538. Kwa hiyo chuma chenyewe hakiwi maji: gesi ya mkaa inanyang'anya oksijeni kwenye mawe, takataka zinayeyuka na kutiririka, linabaki bonge lenye matundu kama sponji. Hilo linapigwa nyundo likiwa jekundu. Ndiyo maana tunasema kufua chuma.

Wachina walikimimina zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwa kukiacha kinywe kaboni nyingi, ambayo hushusha joto la kuyeyuka hadi 1,150 hivi. Lakini chuma hicho hupasuka kikigongwa. Mimi ningekuwa mkulima wa enzi hizo, ningechagua jembe la kufua.

Metali ya kumimina ilikuwapo, tena si mbali sana: shaba ya Katanga, inayoyeyuka kwenye 1,085. Mafundi waliimimina ikawa misalaba iliyotumika kama fedha, na mingi imekutwa makaburini katika bonde la Upemba. Msiri, Mnyamwezi aliyetoka upande wetu, alijenga ufalme wake juu ya shaba hiyo mpaka alipouawa mwaka 1891. Katanga ilipojitenga mwaka 1960, misalaba mitatu ikawekwa kwenye bendera yake.

Alumini huyeyuka kwenye 660 tu. Tanuri la babu lingeiweza bila shida! Kilichokosekana ni alumini yenyewe, kwani ilikuwa adimu mpaka 1886, Hall na Héroult walipogundua namna ya kuitenga kwa umeme.

Siku hizi chakavu imejaa: pistoni, rejeta, masufuria yaliyotoboka. Tatizo ni kwamba huwezi kujua kwa macho imechanganywa na nini. Utafiti wa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania ikiwamo. Vilichemshiwa asidi ya siki iliyozimuliwa, na karibu theluthi moja vikatoa risasi ya kutosha kutia wasiwasi. Mchuzi wa nyanya nao una asidi.